Anayegonga Kutoka Ndani

Kwenye ghala la vyakula vya baridi alikokuwa akifanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Usalama kwa meneja, kwa madereva wa malori, hata kwa mlinzi wa getini. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wafanyakazi wapya namna ya kumaliza siku wakiwa na vidole vyote kumi: pa kusimama forklifti ya kuinulia mizigo inaporudi nyuma, koti la kuvaa kabla ya kuingia vyumba vya kugandisha, na mlango ukijifunga, utokeje.

Wafanyakazi wenyewe walitoka pande zote za dunia. Lugha ya kazi ilikuwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha wengi wao kilikuwa cha kuokoteza: salamu, namba, majina ya vitu, na lile neno linalomtoa mtu kwenye kila shida, "yesi". Mama Usalama alilijua vizuri neno hilo. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, aliwahi kwenda hospitali akajibu "yesi" kwa kila alichoulizwa, likiwamo swali la jina lake. Nesi akaandika hivyohivyo kwenye kadi. Nyumbani walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Mama Usalama alicheka kwa meno tu. Alikuwa na lake moyoni.

Miaka sita nyuma, wiki yake ya pili kazini, aliwaingiza wafanyakazi wapya kumi na wawili kwenye chumba cha kugandisha namba nne. Upande wa ndani wa mlango kulikuwa na kitufe cha kijani, na juu yake kibao cha Kiingereza. Kibao kilisema, kwa maneno ya wanasheria, kwamba endapo dharura itatokea, mhusika akandamize kifaa cha ufyatuzi na wakati huohuo autilie mlango shinikizo. Mama Usalama akakisoma kama kilivyo, kwa sauti nzuri, harakaharaka kwa sababu ya baridi. Akauliza, "Mmeelewa?" Wote kumi na wawili wakajibu, "Yesi." Wakatia saini. Mmoja wao alikuwa mwanamume mpole, baba wa watoto wawili, ambaye wenzake walimpa jina la Kimya, kwa sababu hakuwa na wa kuzungumza naye. Lugha yake hakuna mwingine aliyeijua pale.

Baada ya miezi mitatu, Jumamosi moja, mlango ulijifunga Kimya akiwa ndani peke yake. Walimkuta Jumatatu. Bega lake la kulia lilikuwa limevilia damu kwa kusukuma. Kitufe cha kijani kilikuwa kimefunikwa na utando mweupe wa barafu, hata alama ya kidole haikuwapo.

Uchunguzi ulifanyika. Saini ilionekana. Mama Usalama akaambiwa hana kosa, na meneja akampigapiga mgongoni akamwambia, "Wewe ulifanya kazi yako." Chumba namba nne kikazimwa, kikafungwa kufuli.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile Mama Usalama hakuuliza tena "mmeelewa". Alitumia maneno mafupi, moja baada ya jingine, huku mikono yake ikionyesha kile kinachosemwa na mdomo. Halafu alisema, "Sasa wewe. Nionyeshe." Na asingetia tiki kwenye karatasi mpaka aone kwa macho yake. Madereva walimtania kwamba anaongea kama mtu anayetembea juu ya mayai. Aliwaacha wacheke. Kitu kimoja tu kilimshinda: vibao. Kila alipoomba vibadilishwe, meneja alimjibu kwamba vimepitishwa na wanasheria, na kwamba Mama Usalama ana huruma nyingi kuliko kazi inavyohitaji.

Mwaka huu oda ziliongezeka, na meneja akaamua chumba namba nne kifunguliwe. Aliyekiwasha ni Fundi, mtu wa mitambo ya baridi, mzee kidogo, ambaye yeye na Mama Usalama walizungumza Kiswahili na ambaye alimwita shemeji kwa kuwa alisoma na mumewe. Alifunga mpira mpya mlangoni, akasafisha mabomba, akakijaribu kitufe cha kijani mara ishirini. Kilifanya kazi kila mara.

"Hakijawahi kuharibika hiki, shemeji," alisema akipangusa mikono. "Hata siku ile kilikuwa kizima."

"Najua," alijibu Mama Usalama, akaondoka haraka.

Wiki hiyohiyo waliingia wafanyakazi wapya. Kati yao kulikuwa na mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Siku ya kwanza, Mama Usalama alipoanza tu kufundisha, mwanamke yule aliinua mkono na kusema kwa Kiingereza chake, "Polepole. Tafadhali." Wengine wakacheka. Mama Usalama alitamani kumkumbatia. Kati ya mamia aliowafundisha, huyu alikuwa wa kwanza kukataa kusema "yesi". Kufikia jioni kila mtu alikuwa akimwita Mama Polepole.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, Mama Polepole alitokea mlangoni mwa ofisi. Koti lake lilikuwa na chembe za barafu, na midomo ilikuwa ikimtetemeka.

"Mtu," alisema. Akaelekeza kidole. "Ndani. Nne."

Mama Usalama alitoka mbio. Walifungua chumba, wakapita kila safu: maboksi ya njegere, maboksi ya kuku, moshi wa baridi ukitambaa sakafuni. Hapakuwa na mtu. Wakaita majina ya zamu nzima na wote wakaitika. Meneja alipoelezwa akasema ni mabomba; chumba kilichozimwa miaka sita lazima kingurume kikiwashwa. Mama Polepole alisikiliza sauti ya meneja mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akarudi kupanga maboksi.

Kesho yake alikuja tena saa ileile. Safari hii hakusema kitu. Alimshika Mama Usalama mkono, akampeleka mpaka kwenye mlango wa namba nne uliokuwa umefungwa, akamwinamisha kichwa na kuliweka sikio lake kwenye bati la mlango.

Mwanzoni alisikia feni tu. Kisha, chini kidogo ya usawa wa bega, kitu kiligonga kutoka ndani. Mara tatu. Kikapumzika. Mara tatu tena. Hakikuwa kishindo cha hasira. Kilikuwa kama kugonga kwa mtu mwenye adabu, aliyeambiwa asubiri na ambaye bado anasubiri.

Mama Usalama akamwita Fundi. Fundi alikuja na vifaa vyake, akapima, akasikiliza muda mrefu akiwa amefumba macho. Alipofumbua, hakuwa na utani usoni, ingawa mdomo ulijaribu.

"Shemeji, bomba linaweza kulia. Linaweza kukoroma, linaweza hata kujamba. Lakini bomba halihesabu."

Mama Polepole, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, alikuwa akiwatazama kwa zamu. Kisha aligusa sikio lake, akagusa mdomo, akaelekeza mlangoni. "Anasema," alisema kwa Kiingereza chake.

"Anasema nini?"

Mama Polepole akatamka neno moja la lugha ya kwao, fupi, lenye sauti inayopanda mwishoni. Mama Usalama hakuwa amesikia sauti yoyote pale mlangoni zaidi ya kugonga. Lakini neno lile lilimfanya aende moja kwa moja ofisini, afungue kabati la chini kabisa, atoe faili la Kimya ambalo hakuwahi kuligusa tangu uchunguzi uishe. Ukurasa wa kwanza, kwenye nafasi ya lugha, palikuwa na lugha ileile iliyoandikwa kwenye fomu mpya ya Mama Polepole.

Mchana walikaa wawili kwenye chumba cha kupumzikia, wengine walipokuwa wameenda kula. Mama Usalama aliweka karatasi mezani na kalamu. Alijua namna ya kuuliza kwa Kiingereza cha maneno mafupi. Kazi ya miaka sita haikuwa bure.

"Neno hili," alisema. "Ni 'nani'?" Akaelekeza mtu mmoja, kisha mwingine, kisha akapandisha mabega.

"Hapana."

"Ni 'wapi'?" Akatazama huku na huku kama mtu aliyepotea.

"Hapana."

"Lini?" Akagusa saa ya mkononi.

"Hapana, hapana." Mama Polepole aliangaza chumbani, akakasirika kwa kukosa maneno, halafu macho yake yakatua kwenye chupa ya kahawa iliyokazwa kifuniko. Akaichukua. Akasokota kifuniko bila nguvu, akakivuta juu, akakisukuma pembeni, akajifanya kimemshinda kabisa. Kisha akainua uso, akamtazama Mama Usalama kwa macho ya mtu anayeomba, akaikunjua mikono yake mitupu, akalisema lile neno.

Mama Usalama aliichukua chupa ile.

"Vipi," alisema polepole. "Anauliza vipi."

"Vipi!" Mama Polepole alipiga meza kwa furaha ya kueleweka. "Ndiyo! Mlango. Vipi?" Kisha furaha ikamtoka palepale, kwa sababu aliona kwamba mwenzake analia.

Mama Usalama hakuwa amewahi kumwambia mtu, si mumewe, si mama yake. Sasa alimwambia mwanamke huyu, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. "Miaka sita. Mimi, mwalimu. Mimi nilisoma, haraka. Yeye akasema yesi. Yeye hakujua. Akafa." Alishangaa jinsi jambo lile lilivyokuwa fupi likiondolewa mapambo.

Mama Polepole hakumpa pole, wala hakumtazama vibaya. Aliwaza kidogo, akisugua kifuniko cha chupa kwa kidole. Halafu akaelekeza kifua cha Mama Usalama.

"Wewe. Rudi," alisema. "Fundisha."

Walichagua siku iliyofuata, saa sita mchana, ghala likiwa tupu kwa mapumziko. Meneja hawakumwambia. Fundi alikubali kusimama nje ya mlango na spana yake, akisema kama wakikaa humo zaidi ya dakika kumi atang'oa mlango mzima, kazi iende na maji. Asubuhi yote Mama Polepole alimfundisha mwenzake maneno matatu ya lugha ya kwao: bonyeza, sukuma, pamoja. Na jingine moja, nionyeshe. Mama Usalama aliyarudia akiwa chooni, akiwa koridoni, akiwa anajaza fomu. Alikosea, akasahihishwa, akakosea tena, mpaka Mama Polepole akatikisa kichwa kukubali.

Waliingia. Fundi akaufunga mlango nyuma yao. Taa ya chumba ilikuwa nyeupe, baridi ikiingia puani kama sindano. Walisimama. Kwa muda kulikuwa na feni tu.

Kisha ukagongwa mlango, hatua mbili mbele ya macho yao, upande uleule waliosimama. Mara tatu. Hawakuona mkono. Waliona bati likitikisika kidogo na vumbi la barafu likidondoka.

Mama Polepole akamshika Mama Usalama kiwiko, akasema kwa lugha yake maneno mengi ya upole kuelekea mlangoni, kama mtu anayemkaribisha mgeni mwenye haya. Kugonga kukanyamaza.

"Kaka," alianza Mama Usalama kwa Kiswahili, kwa kuwa moyo wake haukuwa na lugha nyingine wakati ule. Kisha akayaanza yale maneno aliyofundishwa. Akavua glavu ili kidole kionekane. Akakiweka juu ya kitufe cha kijani. "Bonyeza," alisema, akabonyeza. Akaweka bega mlangoni. "Sukuma." Akasukuma. Kisha vyote viwili kwa mara moja. "Pamoja." Mlango ukafyatuka, hewa ya joto ikaingia, uso wa Fundi ukaonekana. Mama Usalama akamwashiria aufunge tena. Akarudia mara ya pili, polepole zaidi. Akarudia mara ya tatu. Hakuharakisha, ingawa ncha za vidole zilikuwa zimeanza kufa ganzi.

Halafu akarudi nyuma hatua nne, akamvuta na Mama Polepole.

"Nionyeshe," alisema.

Walingoja. Pumzi zao zilitoka kama mvuke wa birika. Mama Usalama alianza kuhesabu moyoni, akafika thelathini, akafika sitini.

Mlango ulipigwa kishindo cha bega. Ukatikisika, usifunguke. Kitufe hakikuguswa. Ukapigwa tena, kwa nguvu zaidi, na ndani ya kishindo kile kulikuwa na kitu kilichomfanya Mama Polepole azibe mdomo.

"Hapana, kaka. Taratibu," alisema Mama Usalama. Alisogea mbele, na alipofika karibu na mlango aliikuta baridi nyingine ndani ya baridi ile, nene, yenye kimo cha mtu. Hakurudi nyuma. Alinyoosha kidole akaonyesha kitufe bila kukigusa. "Bonyeza."

Kitufe cha kijani kilizama taratibu, chenyewe. Barafu iliyokuwa pembeni yake ikapasuka. Kikakaa ndani kwa muda, kikarudi nje. Mlango haukufunguka.

"Ndiyo! Hivyohivyo. Sasa na bega. Pamoja. Pamoja, kaka."

Kisha kitufe kikazama, na papo hapo mlango ukafunguka wote kwa kishindo, ukagonga ukuta wa nje.

Fundi alisimulia baadaye kwamba yeye alikuwa ameshasogea pembeni, hajui kwa nini, kama mtu anavyompisha mwenzake mlangoni. Alisema alipigwa kikumbo begani, si cha ubaya, cha mtu mwenye haraka ya kwenda kwao. Ubaridi ukapita, ukakata koridoni kuelekea mlango wa kutokea, na mapazia ya plastiki kule mwisho yakaachana katikati na kurudiana. Mlinzi wa getini, ambaye hakujua lolote, alimwuliza Fundi baadaye ni mfanyakazi gani yule aliyetoka mchana ule bila koti, kwani alimsalimu na hakuitikiwa.

Chumba namba nne hakikugongwa tena. Mama Usalama aliingia kwa meneja alasiri ileile. Hakumweleza kilichotokea. Alimwambia tu kwamba kesho vibao vyote vinatoka, vinawekwa vya picha na maneno mawili, na kama wanasheria hawataki waje wajifungie humo wavisome wenyewe. Vibao vilibadilishwa.

Nyumbani, jioni, alimweleza mama yake mambo yote tangu mwanzo. Mama alisikiliza akiwa ameshika tama. Masimulizi yalipokwisha, mama hakushangaa habari za mzimu. Aliuliza jambo moja.

"Na mke wake, nani alimwambia?"

"Ofisi ilimwandikia barua, mama."

"Kwa lugha gani?"

Usiku ule Mama Usalama hakulala vizuri.

Kulipokucha alimchukua Mama Polepole ofisini, akafunga mlango, akatoa faili. Namba ya simu ya mjane ilikuwa humo, kwa wino uliofifia. Iliita muda mrefu, mbali sana. Ikapokelewa. Mama Polepole alijitambulisha kwa lugha yao, na kutoka upande wa pili sauti ya mwanamke ikapaa ghafla, kama mtu aliyesikia lugha yake jangwani.

"Mwambie hivi," alisema Mama Usalama. "Mimi nilimfundisha mume wako. Nilimfundisha vibaya. Kosa lilikuwa langu, halikuwa lake. Naomba unisamehe." Aliyasema vipande vipande, akisubiri kila kipande kivuke.

Mama Polepole akavivusha. Kisha mjane akaanza kusema, kwa sauti ya chini, bila kilio. Alisema kwa muda. Mama Usalama aliutazama uso wa mkalimani wake ukibadilika.

"Anasema nini?"

Mama Polepole alitafuta maneno. Aliyapata machache, akayapanga mezani moja baada ya jingine.

"Barua, hakujua kusoma. Miaka sita, alisubiri. Yeye anasema..." Akashusha sauti. "Jana. Mchana. Amefika."

Kwenye simu, nyuma ya sauti ya mjane, kilisikika kiti kikivutwa sakafuni.

"Sasa anauliza," aliendelea Mama Polepole, na hakuwa tena na ujasiri wa kumtazama. "Wewe, mwalimu. Anauliza wewe. Mikono ya mume, baridi sana. Ameweka blanketi. Ameweka moto. Bado baridi. Anauliza, lini joto?"

Mama Usalama aliishika simu kwa mikono miwili. Alizitafuta sentensi zake zote fupi, maneno yote mepesi aliyoyakusanya kwa miaka sita, na hata ishara za mikono ambazo mtu wa upande wa pili asingeziona. Upande ule mjane alikuwa akingoja, na mtu mwingine pia, akipumua taratibu karibu na simu.

"Mwambie sijui," alisema hatimaye. "Mwambie hivyohivyo, usiongeze kitu. Halafu mwambie asikate. Nitakaa hapa naye."

Mama Polepole akavuta kiti karibu, akaweka simu katikati ya meza, akaanza kutafsiri.